Nina siku moja tu London: niwapeleke watoto na bibi yao Science Museum?

Swali: Ninafundisha Historia na Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Morogoro. Mwezi wa nane, Mungu akipenda, nitakuwa Uingereza kwa wiki mbili, kwa dada yangu anayeishi Reading. Nitakwenda na wanangu wawili, wa kiume ana miaka 12 na wa kike ana 6, pamoja na mama yangu wa miaka 69 ambaye magoti yanamsumbua. Siku ya kwenda London ni moja tu. Huyu wa kiume ameng'ang'ania Science Museum, yale makumbusho ya sayansi. Shemeji yangu aliwahi kufika. Anasema ni kubwa mno, alizunguka tangu asubuhi hadi jioni, akatoka kichwa kinamuuma na hakumbuki alichokiona. Tena anasema ni mashine tupu, usiposoma fizikia huambulii kitu. Mimi fizikia niliiaga nilipomaliza kidato cha pili. Sina hela ya kuchezea na sitaki kumtesa mama. Je, niende? Nikienda nianzie wapi, na watoto nitawaeleza nini?

Jibu:

Mwalimu, nenda. Ila usiende alivyokwenda shemeji yako.

Katika maelezo yako nimeona hofu tatu: mama atachoka, hela itateketea, na wewe utasimama mbele ya mashine huku watoto wanakutazama nawe huna la kusema. Nadhani hiyo ya tatu ndiyo inayokunyima usingizi, maana mwalimu akiulizwa na mtoto wake mwenyewe akakosa jibu, inauma kuliko kuulizwa na mkaguzi. Nimetembeza wageni makumbushoni kwa miaka mingi, na nakuhakikishia kwamba wasiosoma sayansi hawajawahi kunipa shida. Wanaonipa shida ni wale wanaokuja kumaliza jengo.

Shemeji yako hakukosea kuhusu ukubwa. Makumbusho yale chimbuko lake ni 1857, miaka michache baada ya yale Maonyesho Makuu ya 1851 yaliyofanyika Hyde Park, na tangu hapo yamekuwa yakiongezewa vitu na majengo. Vilivyowekwa hadharani ni maelfu kwa maelfu, juu ya ghorofa kadhaa. Hakuna anayemaliza kwa siku moja, na wanaofanya kazi humo hawajawahi kujaribu. Kwa hiyo akikwambia siku moja haitoshi, mwitikie, kisha mwambie kwamba hukupanga kuyamaliza. Maktaba ya mkoa huendi kuimaliza. Unakwenda kuchukua kitabu.

Nieleze kwanza kile kichwa kilichomuuma, kwa sababu ukielewa kilitoka wapi utajua namna ya kukikwepa. Mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman, aliyekuwa katibu wa makumbusho ya sanaa ya Boston, Marekani, aliandika makala kuhusu uchovu wa makumbusho. Alimchukua mtu mmoja, akampa maswali ambayo majibu yake yako ndani ya makabati ya vioo, kisha akawa anampiga picha kila anapojaribu kuyatafuta. Picha zile zinachekesha: mtu kainama, kachuchumaa, kakunja shingo kama anayechungulia mvunguni mwa kitanda. Gilman aliona kwamba kosa si la mgeni. Ni la aliyepanga vitu bila kufikiria mgongo wa mtu. Mambo yameboreshwa sana tangu wakati huo, lakini mwili wa binadamu ni uleule.

Unapotembea mwendo wa kawaida, kwa mfano kwenda sokoni, misuli ya mashavu ya miguu inabana na kuachia, na kila ikibana inasukuma damu kurudi juu. Makumbushoni hutembei namna hiyo. Unapiga hatua mbili, unasimama. Unasogea kidogo, unasimama tena. Damu inatuama miguuni, mgongo unabeba uzito uleule kwa muda mrefu, na sakafu ni ngumu. Ndiyo maana kilomita tatu za kwenda shamba hazichoshi kama saa moja ya foleni ya benki. Juu ya hapo kuna uchovu wa akili. Kila kabati ni mada mpya: hapa injini, hatua tano mbele ni darubini, pembeni yake ni baiskeli. Kila mara ubongo unaamua upya, nisome au nipite? Baada ya kama nusu saa hivi watu wengi huanza kupita bila kusoma, na ifikapo saa ya pili wanatazama vitu kama abiria anavyotazama milingoti ya umeme dirishani. Shemeji yako alikaa humo siku nzima. Kichwa kilikuwa na haki yake.

Dawa yake haina siri: vitu vitatu, saa mbili na nusu hadi tatu, na mapumziko ya kukaa kitako katikati. Vingine mtakavyovipitia njiani vihesabu ni nyongeza ya muuza duka. Nitakupa vitatu ambavyo ningevichagua mimi kwa familia yako, kisha wewe ubadilishe upendavyo.

Kabla ya hapo, hilo la fizikia. Mashine yoyote ile ni jibu, na kabla ya jibu kulikuwa na mtu mwenye shida. Hapo wewe uko nyumbani kwako, Mwalimu, kwa sababu hiyo ni historia. Huhitaji kujua ndani ya injini kuna nini ndipo uulize: huyu aliyeitengeneza alikuwa anakereka na nini? Kabla yake watu walifanyaje? Nani aliishika kwa mikono kila siku, na alilipwa nini? Je, kuna mahali imelika kwa kushikwashikwa? Jaribuni hukohuko Morogoro kabla ya safari. Wapeleke watoto kwenye mashine ya kusaga, msimame dakika kumi. Yule wa miaka 6 ataona mkanda unazunguka. Yule wa 12 atauliza kwa nini gurudumu moja ni kubwa na jingine ni dogo. Mwenye mashine atafurahi kueleza, maana watu huja na debe lao la mahindi wakaondoka na unga bila kumuuliza chochote. Na bibi yao ataongezea habari za kinu na mchi. Mkifika London mtakuwa mmeshajua kazi yenyewe.

Sasa kitu cha kwanza, hiki ni cha kijana wako: mashine ya kukokotoa ya Charles Babbage, mwanahisabati wa Kiingereza, ile iitwayo Difference Engine Na. 2. Ni kitu cha shaba na chuma chenye urefu wa zaidi ya mita tatu, kinachomzidi mtu mzima kimo, uzito wake tani 5, na vipande vyake ni kama 8,000. Wengi hudhani ni ya kale. Si ya kale. Babbage aliichora kati ya 1847 na 1849, akafa 1871 bila kuiona. Makumbusho yenyewe ndiyo yaliyoijenga kwa kufuata michoro yake, sehemu ya kukokotoa ikakamilika 1991, miaka 200 tangu azaliwe, na sehemu ya kuchapa ikakamilika 2002. Ikafanya kazi. Yaani yule mzee alikuwa sahihi muda wote huo.

Shida yake ilikuwa nini? Unakumbuka vile vitabu vya majedwali ya hesabu tulivyokuwa tukivibeba sekondari? Zama zake mabaharia, wahandisi na wenye benki wote waliishi kwa majedwali kama hayo, na yalikokotolewa na watu kwa kalamu, yakanakiliwa na watu, yakapangwa herufi kwa herufi na wachapaji. Kila mkono ulioyapitia uliacha makosa yake. Nahodha akisoma tarakimu iliyokosewa, meli inaweza kukuta mwamba mahali alipotegemea maji. Babbage alitaka mashine ifanye hesabu na ichape yenyewe, pasiwepo mkono wa mtu katikati.

Na sasa uzuri wake, ambao unaweza kumwonyesha mwanao kwa maharage jioni moja kabla ya safari. Mwambie apange maharage kwa miraba: 1, halafu 4 (mawili kwa mawili), halafu 9, halafu 16. Muulize, kutoka 1 kwenda 4 umeongeza mangapi? Matatu. Kutoka 4 kwenda 9? Matano. Kutoka 9 kwenda 16? Saba. Mwache aitazame hiyo 3, 5, 7 mpaka aone mwenyewe kwamba inapanda kwa mbili, kila mara mbili, haibadiliki. Akishaona, mwambie atafute mraba wa 5 bila kuzidisha. Atasema: saba na mbili ni tisa, kumi na sita na tisa ni ishirini na tano. Amezidisha kwa kujumlisha. Mashine ya Babbage inafanya hilohilo, haizidishi hata siku moja. Inajumlisha tofauti juu ya tofauti. Ina safu nane za magurudumu ya tarakimu, kila safu magurudumu 31, hivyo inabeba namba za tarakimu 31. Mtu anazungusha mpini tu.

Mtakapofika, zungukeni nyuma ya mashine. Utakumbuka mtoto wa darasa la pili anapojumlisha 7 na 5: anaandika 2, moja inahamia makumi. Kwa chuma, hiyo "moja inahamia" ndiyo iliyokuwa kazi ngumu kuliko zote, kwa sababu ikitokea 999 ujumlishe 1, inabidi ihame hapa, na pale, na pale. Huko nyuma kuna mikono midogo iliyopangwa kwa mzunguko kama ngazi ya mnara wa msikiti. Mashine ikizungushwa, inapita mmoja baada ya mwingine kama wimbi. Ila usimwahidi mtoto kwamba ataiona ikizunguka. Siku nyingi utaikuta imetulia, na mtoto aliyeahidiwa wimbi halafu akaonyeshwa chuma kilicholala atakununia hadi Reading.

Kuna mkasa pia, kwa ajili yako. Mashine ya kwanza ya Babbage, iliyotangulia hii, ilikula zaidi ya pauni 17,000 za serikali na haikukamilika. Aligombana na fundi wake mkuu, Joseph Clement, kuhusu malipo, kazi ikasimama 1833, na mwaka 1842 serikali ikajitoa kabisa. Fundi na tajiri hawakuelewana, nyumba ikabaki msingi. Hadithi hiyo haihitaji tafsiri kwa mtu yeyote aliyewahi kujenga Tanzania. Na nusu ya ubongo wa Babbage imehifadhiwa humohumo makumbushoni; nusu ya pili iko kwenye chuo cha madaktari wa upasuaji, hukohuko London. Mtoto wa miaka 12 atalikumbuka hilo kuliko yote niliyoandika hapa.

Kitu cha pili ni chombo cha Apollo 10. Chenyewe hasa, si cha kuigiza. Mwezi wa tano 1969, miezi miwili kabla ya watu kukanyaga mwezi, Thomas Stafford, John Young na Eugene Cernan walikwenda nacho, wakafanya kila kitu isipokuwa kutua. Stafford na Cernan walishuka na chombo kingine kidogo hadi kama kilomita 15 juu ya uso wa mwezi, wakageuza, huku Young akiwasubiri peke yake ndani ya hiki mtakachokiona. Kisha watatu hao wakarudi nacho duniani kwa mwendo wa karibu kilomita 40,000 kwa saa.

Tazameni upande wa chini, ulivyoungua. Watoto watauliza kwa nini, na utasikia wazazi jirani wakisema "msuguano wa hewa". Si uongo mtupu, lakini sehemu kubwa ya moto ule haitokani na kusuguana. Inatokana na hewa kubanwa. Chombo kinakuja kwa kasi mno, hewa iliyo mbele yake haipati nafasi ya kupisha, inashindiliwa, na hewa ikishindiliwa inapata moto. Binti yako wa miaka 6 anaweza kulijua hilo kwa vidole: chukueni pampu ya baiskeli, mzibe tundu, mpige mara kumi kwa nguvu, kisha aguse mdomo wa pampu. Halafu mweleze kwamba upande ule wa chini ulipakwa kitu kilichotengenezwa makusudi kiungue taratibu na kubanduka, kila kipande kikiondoka na joto lake, ili watu watatu waliokaa nyuma yake wasiive. Kile cheusi mnachokiona ndicho kilichobaki.

Mama yako nimemwekea cha tatu, na kwa kweli nadhani atakuwa mwalimu wenu siku hiyo. Ghorofa ya kwanza iko sehemu ya tiba, vyumba vitano vikubwa vilivyofunguliwa 2019, vyenye vitu kama 3,000. Msisome vyote. Mtafutie mama mahali pa kukaa karibu na habari za chanjo, mzungumzie ndui. Mtu wa umri wake huenda ana kovu la chanjo ya ndui begani. Mwombe awaonyeshe wajukuu. Edward Jenner alianza mambo hayo Uingereza mwaka 1796, kwa usaha wa ndui ya ng'ombe aliomchanja mtoto wa miaka minane. Kovu hilo, au kutokuwepo kwake kwenye mabega ya watoto wako, ndio mwisho wa habari hiyohiyo: mgonjwa wa mwisho aliyepata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 dunia ikatangaziwa kwamba ugonjwa umekwisha. Alipona, akaishi miaka mingi, akaja kufanya kazi ya kuhamasisha chanjo ya polio. Ulizeni bibi anakumbuka nini. Mimi niliwahi kumsindikiza mama mmoja wa Kikenya pale. Alinyamaza dakika nzima, kisha akaanza kutaja majina ya watoto wa kijijini kwao waliobaki na makovu usoni. Wajukuu zake walikuwa wamekwisha choka, lakini hapo wakakaa chini sakafuni.

Tahadhari mbili za sehemu hiyo. Pale kuna sanamu kubwa ya shaba, mita tatu na nusu, ya mtu aliyechorwa mwili mzima mafuvu na mifupa. Yule mdogo anaweza kushtuka, mwandae. Na vingi kati ya vitu vya tiba vilikusanywa na tajiri wa dawa Henry Wellcome, aliyekuwa na mawakala wakimnunulia na kumkusanyia vitu dunia nzima hadi vikapita milioni moja; sehemu kubwa ilikabidhiwa makumbusho hayo tangu miaka ya 1970. Mtaona vitu vya Afrika. Kijana atauliza vilifikaje huko, na wewe ni mwalimu wa Historia, sina la kukufundisha. Nisingependa tu umjibu haraka ili mpite.

Yule wa miaka 6 hatavumilia yote haya, na hapaswi kuvumilia. Ana sehemu zake: chini kabisa ipo inayoitwa The Garden, ya watoto wa miaka 3 hadi 6, wanachezea maji, sauti na matofali ya kujengea. Haina malipo. Ghorofa ya tatu kuna Wonderlab, ambayo ni ya kulipia, na hapo lazima niwe mkweli. Ni nzuri sana: kuna mteremko wa kuteleza wenye njia za aina mbalimbali za sakafu, mtoto anaona kwa makalio yake ipi inateleza na ipi inakwaruza. Lakini inameza saa nzima au mbili na tiketi ni ya kila mtu. Kwa siku moja, na bibi mwenye magoti, na hela ya kuhesabu, mimi ningeiacha. Kama kijana angekuwa peke yake nawe, ningekushauri uache Apollo uende huko. Mkibaki na nguvu na mmeshafika ghorofa hiyo ya tatu, chunguleni ndege ya Amy Johnson, ile ya kijani aliyoirusha peke yake kutoka Uingereza hadi Australia mwaka 1930. Dakika tano zinatosha: mwambie binti yako kwamba mwenye ndege hiyo alikuwa pia na cheti cha ufundi wa ndege.

Kuhusu hela: kuingia ni bure, kama ilivyo kwa makumbusho ya taifa ya Uingereza tangu mwisho wa 2001. Mlangoni wanaomba mchango, na hakuna anayekukunjia uso ukipita. Chukueni tiketi ya bure ya muda maalumu kwenye tovuti yao mapema, kwa sababu mwezi wa nane shule za huko zimefungwa na watu ni wengi. Wakati huohuo angalieni sehemu zipi zimefungwa kwa ukarabati na vitu vyangu vitatu viko ukumbi gani, maana huwa wanahamisha. Milango inafunguliwa saa nne asubuhi. Fikeni saa hiyohiyo, siku ya kazi, na mwanzie ghorofa za juu; umati huanza chini na kupanda taratibu. Hela itakayoondoka ni ya treni, chakula na duka la zawadi. Treni ya asubuhi sana kutoka Reading ni ghali kuliko inayoondoka baada ya watu kwenda kazini, dada yako atajua saa. Ndani ya London mtoto wa chini ya miaka 11 hapandi basi kwa nauli, na kwenye treni za chini ya ardhi pia akiwa na mtu mzima. Chakula bebeni, chapati na mayai ya kuchemsha hayamkatazi mtu. Kuna sehemu za kukaa mle chakula chenu, na jua likiwaka Hyde Park iko mwisho wa barabara hiyohiyo. Duka la zawadi kubalianeni kiasi mkiwa bado kwenye treni.

Usishawishiwe na yeyote kuongeza Natural History Museum, makumbusho ya viumbe na mambo ya asili, "kwa kuwa ni jirani". Ni jirani kweli, na ni kubwa vilevile. Najua utasikia habari za dinosaria wa Tendaguru, Lindi. Yule mkubwa mwenye kimo cha zaidi ya mita 13 yuko Berlin, hivyo hata usijilaumu.

Sasa magoti. Kituo cha South Kensington kiko karibu, lakini kina ngazi, na ile njia ya chini ya ardhi inayowafikisha makumbushoni ni ndefu kwa mtu anayechechemea. Basi ni bora, au teksi kwa kipande hicho cha mwisho peke yake. Hapo ndipo ningetumia hela niliyookoa Wonderlab. Ndani kuna lifti. Pigeni simu au waandikieni siku chache kabla, muulize kuhusu kiti cha magurudumu cha kuazima. Wazazi wetu hukataa kiti kwa heshima zao. Mwambie ni cha kubebea mikoba, akichoka mikoba itashuka. Kila baada ya dakika ishirini akae, hata kama hajachoka, kwa sababu akingoja achoke ameshachelewa.

Mimi si daktari, na mambo haya mawili usiyasubirishe. Kama goti lake linavimba, lina joto, au linakwama likakataa kunyooka, aonwe na daktari au mtaalamu wa viungo hapo Morogoro kabla ya safari, si mkiwa ugenini. Na baada ya safari ndefu ya ndege, shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, msilikande wala msilipake dawa ya kuchua. Piga 111, namba ya ushauri wa afya ya Uingereza, siku hiyohiyo. Akipata shida ya kupumua au maumivu ya kifua, ni 999 bila kujadiliana.

Na mkiwa humo ndani mkakwama, watafuteni wafanyakazi waliosimama kumbini. Kazi yao ni kueleza, na wengi wanaipenda. Kijana wako amuulize mmoja wao swali moja kwa Kiingereza chake mwenyewe, wewe ukiwa umesimama nyuma kidogo umenyamaza. Swali nampa bure: kwa nini Babbage hakuimaliza?

Mpe mama shikamoo yangu. Na maharage yawe makavu, yaliyolowekwa yanateleza mezani.